Pauni 100 za Jonty Parkin na bahasha yangu

"Mjomba, huku zamani kuna mchezaji alijinunua mwenyewe."

Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyoanza ujumbe wake wa sauti, Jumapili moja baada ya magharibi, mimi mikono imejaa grisi na kibanda bado sijafunga. Nikaurudisha, nikausikiliza mara ya pili. Alijinunua. Nikamwandikia kwa kidole kimoja: kwa shilingi ngapi? Akajibu: "Pauni 100, mjomba. Mwaka 1930." Nikavuta ndoo ya vifaa nikaikalia, na mteja aliyekuwa akisubiri friwili yake akaniuliza kama nimefiwa.

Sikufiwa. Ila maneno hayo yalinigusa mahali nilipodhani pamekufa ganzi tangu 1990. Nitafika huko. Mwenye haraka aende kwanza akaangalie msimamo wa ligi, atanikuta hapahapa.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, kakulia Chumbageni, hapa Tanga, kasomea unesi, na sasa ni mwaka wa nne yuko Wakefield, mji wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mwanzoni simu zake zote zilikuwa za baridi. Mara Desemba saa kumi kasorobo ya alasiri jua limeshazama, mara vidole havishiki sindano. Mama yake akawa analia kila akikata simu. Halafu taratibu baridi ikatoka kwenye mazungumzo, ikaingia raga. Anasema wagonjwa wake wazee ndio waliomfundisha. Ukitaka mzee wa Wakefield anyooshe mkono umchome sindano bila ugomvi, muulize habari za Trinity. Hiyo ndiyo timu ya mji, Wakefield Trinity, iliyoanzishwa mwaka 1873 na vijana wa kanisa la Utatu Mtakatifu. Jina limetoka hapo.

Basi akawa ananitumia vipande vya video, nami nikawa naviangalia barazani kwa muuza kahawa, wenzangu wamenizunguka. Swali la kwanza likawa lilelile la kila mtu: hawa wanacheza au wanapigana? La pili: mbona wako wachache? Maana hata sisi tusiojua raga tumewahi kuona ile ya Kombe la Dunia, ya watu 15, wanaolundikana juu ya mpira kama kuku juu ya pumba. Hii ya Wakefield ni ya watu 13. Ukiangushwa, hakuna lundo. Wanakuacha usimame, unauweka mpira chini, unausukuma nyuma kwa kisigino, mwenzako anauchukua, kazi inaendelea. Mpira unatembea. Muuza kahawa, ambaye hajawahi kusifia chochote isipokuwa tangawizi yake, alisema, "Hii angalau inaeleweka."

Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini Waingereza wawe na raga mbili, hawatoshwi na moja? Jibu lake ndilo lililonifanya niupende mchezo huu kabla hata sijamsikia huyo Parkin, yule aliyejinunua.

Zamani raga ilikuwa moja, nayo wenyewe walikuwa mabwana wa shule za bei kubwa kusini. Sheria yao ilisema mchezaji asilipwe hata senti. Kwa mwana wa bwana hilo halina neno, atalipwa na baba yake. Lakini kule kaskazini, Yorkshire na Lancashire, waliokuwa wakijaza viwanja ni wachimba makaa ya mawe, watu wa viwanda vya nguo, makuli wa bandarini. Watu hao Jumamosi walikuwa kazini. Ukitoka kazini kwenda kucheza, mshahara wa siku umekatwa, na nyumbani kuna watoto. Klabu za kaskazini zikaomba kitu kidogo tu: mchezaji arudishiwe ile siku yake iliyokatwa. Mabwana wakakataa. Tarehe 29 Agosti 1895 viongozi wa klabu hizo wakakutana hotelini, George Hotel mjini Huddersfield, wakajitoa wakaanzisha chama chao. Malipo waliyoyaruhusu yalikuwa shilingi 6 kwa siku.

Shilingi 6, ndugu zangu. Na shilingi hiyo ni nyanya wa hii yetu tuliyo nayo mfukoni, maana Waingereza walipotuletea shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921 jina walilitoa kwao. Chama kizima kikavunjika kwa sababu ya nauli na unga, kama tungesema sisi. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 na kuweka ule utaratibu wa kuusukuma mpira kwa kisigino. Mwaka 1922 wakajiita Rugby Football League, jina wanalotumia mpaka leo.

Na kabla hamjasema habari hizi ziko mbali na Tanga, niwakumbushe. Novemba 1914 Waingereza waliposhuka hapa na jeshi lao kubwa la Wahindi kuja kuwafukuza Wajerumani, walikuwamo pia askari wa kikosi cha Loyal North Lancashire, kikosi kilichokuwa na kambi yake Preston. Lancashire na Yorkshire zinatenganishwa na safu ya milima tu. Kila mtoto wa Tanga kasimuliwa vita ile na wale nyuki walioshuka mitini wakawatawanya askari, na kila mmoja wetu ana babu anayedai alikuwepo. Waliokufa wamezikwa hapahapa. Siku hizi nikipita makaburini na baiskeli ya mteja ninayoijaribu breki, najiuliza wangapi kati ya wale vijana walikuwa wakiukimbiza mpira wa ngozi Jumamosi mchana, uso umejaa vumbi la makaa.

Jonty Parkin alitoka kwenye vumbi hilohilo. Alizaliwa Sharlston, kijiji cha mgodi karibu na Wakefield. Mpwa wangu alikwenda siku moja kwa basi kukiangalia. Anasema si mahali pa kupiga picha: nyumba za matofali, barabara, uwanja wenye nyasi zilizolowa. Lakini kijiji hicho kimetoa wachezaji kama vile Pongwe inavyotoa mawe. Neil Fox, aliyefunga pointi nyingi kuliko mtu yeyote katika raga hiyo, 6,220, ni wa Sharlston. Kaka yake Don naye ni wa huko. Don ndiye yule aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya Wembley mwaka 1968, uwanja umegeuka bwawa kwa mvua, halafu dakika ya mwisho akapewa mkwaju mbele kabisa ya milingoti, mkwaju ambao hata mimi na hili goti langu ningeufunga, akaukosa, Leeds wakawafunga Wakefield 11 kwa 10. Tuliocheza mpira hatumcheki mtu kama huyo. Tunamwombea.

Nilipoelezwa kijiji cha mgodi nilielewa haraka, kwa sababu mimi mtoto wa mkonge. Baba yangu alikata mkonge shamba moja upande wa Muheza, na utoto wangu ulikuwa harufu ya korona, mashine ya kusaga mkonge, ile harufu chachu ya majani yaliyosagwa ambayo ikishakuingia puani hata ukiwa mzee unaisikia ukifumba macho. Shamba lilikuwa na duka lake, zahanati yake, filimbi yake ya asubuhi na timu yake ya mpira. Wiki nzima baba aliinamia miiba kwa kipande, Jumapili akavaa jezi ya kijani iliyopauka akawa mtu mwingine. Watu waliokuwa wakimwita "we mzee wa laini ya pili" siku sita, siku ya saba walimwita kwa jina. Sharlston nadhani ilikuwa hivyohivyo, ila wao waliinama chini ya ardhi.

Parkin alijiunga na Wakefield Trinity mwaka 1913. Halafu vita vikaja, ligi ikasimama, vita vikaisha, naye akawa yuleyule. Nafasi yake ilikuwa ile ya kati, anayesimama baina ya majitu ya mbele yanayogombea mpira na wakimbiaji wa nyuma wanaousubiri. Yeye ndiye anaupokea, ndiye anaamua: nikimbie, nipige, nimpe nani. Namba kumi wetu, kwa ufupi, isipokuwa huyu akikosea hapokonywi mpira tu, anakanyagwa. Trinity yenyewe haikuwa timu ya makombe wakati wake. Walichukua Kombe la Yorkshire mwaka 1924 kwa kuwafunga Batley 9 kwa 8, na hiyo 9 kwa 8 inakwambia walivyokuwa, timu ya kubana meno. Mchezaji wa dunia katika timu ya kubana meno. Tanga tunawajua watu wa namna hiyo.

Maana kwenye timu ya taifa alikuwa mtu wa dunia kweli. Siku hizo Waingereza kila baada ya miaka minne walipanda meli kwenda Australia na New Zealand, safari ya zaidi ya mwezi mmoja baharini kabla hujagusa mpira, na ziara yenyewe inakula nusu mwaka. Parkin alikwenda 1920, wakafungwa na Australia mechi 2 kwa 1. Akarudi 1924, safari hii ndiye nahodha. Mechi ya kwanza wakawachapa Waaustralia 22 kwa 3, ya pili wakaponea chupuchupu 5 kwa 3, ya tatu wakafungwa, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1928 akapelekwa tena, nahodha tena. Wakashinda Brisbane 15 kwa 12, wakashinda Sydney 8 kwa 0, ya mwisho wakaachia. Kwa hiyo mara mbili mfululizo alikwenda nyumbani kwa Waaustralia akarudi na ushindi ule wanaouita Ashes, yaani majivu. Waingereza bwana, unavuka bahari mbili kugombea majivu. Hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kwenda ziara tatu kabla yake.

Niliwaeleza haya barazani, mzee mmoja mvuvi akasema, "Basi huyo kwao walimjengea nyumba."

Kwao walimweka sokoni. Mwaka 1930, baada ya miaka 17, mtu ana miaka thelathini na kitu, Wakefield Trinity wakaandika bei yake: pauni 100.

Hapa nataka tuelewane juu ya hizo pauni 100, kwa sababu mimi ni mtu wa biashara ndogo na najua bei inavyosema. Mwaka 1921, yaani miaka tisa nyuma, Leeds walikuwa wamemnunua winga mmoja, Harold Buck, kwa pauni 1,000, wa kwanza kufikia bei hiyo. Mwaka huohuo Wigan walimtoa Jim Sullivan kwao Wales akiwa kijana wa miaka 17 na kumpa pauni 750. Nahodha aliyeshinda Australia mara mbili, 100. Ni kama mtu anakuletea baiskeli ya miaka kumi na saba, fremu imenyooka, haijawahi kukuangusha njiani, unaiangalia unasema: chuma chakavu, kilo ngapi?

Parkin akazitoa mwenyewe. Pauni 100 kamili, akawalipa Wakefield ada ya uhamisho wake, akawa huru kwenda anakotaka. Akaenda Hull Kingston Rovers.

Hull, kwa wasiojua, ni mji wa bandari upande wa mashariki, na mpwa wangu alipokwenda kuuona alisema, "Mjomba, ni Tanga yenye baridi." Kuna mto unaukata mji, na kila upande una timu yake. Rovers ni wa mashariki, timu iliyoanzishwa na vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya kuunda matangi ya mvuke. Wa magharibi ni Hull FC. Hawa na hawa hawapikiki chungu kimoja. Harusi zinavunjika. Nikamwambia asinieleze zaidi, mimi nimekulia katikati ya timu mbili za Tanga, Coastal na Sports, Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu, hakuna mto wa kunifundisha kitu. Huko Parkin alicheza mpaka 1932 akastaafu. Na mwaka 1988 wakuu wa raga hiyo walipoanzisha ukumbi wao wa heshima wakachagua watu tisa wa kwanza, miaka 16 baada ya kifo chake, naye alikuwemo.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo hilo lililonikalisha juu ya ndoo. Baada ya Parkin kujilipia, wakubwa wa ligi wakabadilisha kanuni. Kuanzia hapo mchezaji haruhusiwi kujilipia ada yake ya uhamisho. Alipita mlangoni, wakaja nyuma yake na komeo.

Sasa ndiyo nifike 1990.

Mwaka 1988 Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi, na nyie mliozaliwa baadaye hamwezi kujua mji huu ulivyokuwa. Kila kijana mwenye miguu miwili alijiona yuko foleni. Mimi nilikuwa na miaka 20, mwembamba, namba kumi wa timu moja ya daraja la chini ambayo sitaitaja kwa sababu wengine bado tunasalimiana. Mchana nilikuwa nafanya kazi kwa fundi baiskeli, jioni mazoezini. Mshahara wa mpira haukuwepo. Kulikuwa na soda, na siku tukishinda, nauli.

Mwaka 1990 akaja mtu kutoka timu ya kiwanda, nje ya mkoa. Aliniona mara mbili. Akasema wananitaka, na kule wachezaji wanaajiriwa kiwandani, kazi ya kweli, mshahara wa mwezi, chumba. Kitu kimoja tu: niende na barua ya kuachiwa na klabu yangu. Timu yao haina fungu la kununua mchezaji wa daraja langu.

Nikaenda kwa katibu. Akasema klabu imenilea, haiwezi kunitoa bure. Elfu thelathini.

Wakati huo mimi kwa mwezi nilikuwa sifiki elfu nne. Nikauza baiskeli yangu, Phoenix nyeusi, niliyoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande kwa miaka miwili. Mama akaenda kwa wenzake wa upatu akaomba wampe zamu ya mbele, wakampa. Shangazi akaongeza. Zilizobaki nikakopa kwa fundi wangu, nikiahidi kumtumia nikishaanza kazi kiwandani. Wiki tatu. Mama akazipanga noti kitandani, za mia mbili na za mia, akazinyoosha moja moja kwa kiganja kama anayepiga pasi, akazitia kwenye bahasha ya kaki iliyokuwa na eksirei ya kifua cha baba. Bahasha ilikuwa kubwa mno, pesa zikawa zinacheza ndani.

Katibu alikuwa na meza sebuleni kwake, juu yake kitabu cha wanachama, muhuri na kidau cha wino. Nikamsalimu, nikaweka bahasha. Akazitoa, akazihesabu. Akazipanga upya vichwa vielekee upande mmoja, akazihesabu tena, analamba kidole gumba kila baada ya noti tano. Zilitimia. Nilikuwa naangalia muhuri. Akauliza: "Hizi wameleta wale wa kiwanda?" Nikasema hapana mzee, zangu. Akauliza zako vipi. Nikamweleza: baiskeli, upatu, shangazi, fundi.

Akazirudisha kwenye bahasha.

"Kijana," akasema, "mchezaji hajinunui. Klabu inanunua kwa klabu. Nikizipokea hizi nitaandika nini kwenye kitabu? Kwamba umemnunua nani? Umekuwa klabu wewe?"

Hakuwa mkali. Ndiyo iliyoniuma zaidi, alisema kama anayenifundisha hesabu. Nikamwambia mzee, pesa ni ile uliyotaja. Akasema pesa siyo neno, neno ni utaratibu. Nikabisha, nikasihi, mwisho nikanyamaza. Usajili ukafungwa, yule mtu wa kiwanda akapata namba kumi mwingine. Pesa ya upatu ikarudi kwa wenyewe. Phoenix yangu nilikuwa nikiiona mjini inapita na mtu mwingine juu yake, cheni imekauka, inalia, hata mafuta haipakwi, na hilo ndilo lililokuwa likinifanya nigeuze uso.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia kuna mtu alilipa, na wakapokea, na akaenda, nilihisi wivu. Wivu wa mtu wa 1930! Nikalala nao siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa nanyoosha rimu, nikaona kitu ambacho wivu ulikuwa umekificha. Parkin aliweza kujinunua kwa sababu walishamwona kaisha. Angekuwa na miaka 22 bei yake ingekuwa ya akina Buck, pauni 1,000, na mchimba makaa gani ana pauni 1,000? Dharau yao ndiyo iliyomfungulia. Mimi nilikuwa na miaka 22 na bado niliweza kutimiza bei, kwa hiyo ama nilikuwa mjanja kuliko Parkin ama nilikuwa mchezaji wa bei ya chini sana. Barazani wamepiga kura. Siwaambii matokeo.

Yule katibu bado yupo. Kazeeka, macho yana ukungu, lakini baiskeli anaendesha, Tanga hatushuki baiskeli mpaka tupandishwe jeneza. Juzi kaja kibandani anaikokota, gurudumu la nyuma limelala. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Nikatoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai, nikawa naizungusha taratibu. Vipovu vikatoka karibu na pua ya tyubu, mahali pabaya, panapotaka subira. Nikaweka alama kwa kalamu, nikakausha, nikaanza kusugua na msasa.

Wakati nasugua nikamsimulia Parkin. Sikutaja habari zangu, nilimweleza tu kwamba kulikuwa na mchezaji Uingereza, nahodha wa taifa, klabu ikataka pauni 100, akalipa mwenyewe, wakapokea, akahama. Akasikiliza, kidevu juu ya mkongojo. Nikamwambia na ile ya kanuni kubadilishwa. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia wakubwa wamekubaliana naye. Nikapaka solisheni, nikawa naipuliza ikauke.

"Hao Wakefield," akasema, "walimkatia risiti?"

Nikamwangalia nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania.

"Maana ile siku yako," akasema, "kitabu cha risiti kilikuwa kwa mweka hazina. Na mweka hazina alikuwa kasafiri, yuko Pangani kwenye msiba."

Nilibandika kiraka, nikakiweka chini nikakikanyaga kwa kisigino nikahesabu mpaka thelathini, ndivyo nilivyofundishwa. Nikarudisha tairi, nikapiga pampu, nikabonyeza kwa dole gumba. Nikamwambia mia tano, mzee. Akatoa noti ya elfu. Nikamrudishia sarafu ya mia tano, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza pande zote mbili, ndipo akaitia mfukoni.